Ngazi Moja ya Kushukia Jikoni

"Dada, wewe ukivuta na mimi nikivuta, kila mmoja ataondoka hapa na kidonda."

Mwanamke aliyeambiwa hivyo hakuachia. Soko la vifaa vya ujenzi vilivyotumika lilikuwa limefurika. Mikokoteni iligonga watu visigino, wachuuzi walinadi mabomba kwa sauti za kukauka, na katikati ya vurugu hizo watu wawili walikuwa wameshikilia kioo kimoja cha dirisha, cha rangi ya asali, chenye maua yaliyotuna.

Alimkagua mwenzake kuanzia chini: viatu vyenye vumbi la mbao, suruali iliyopigwa pasi ikasimama, shati la bluu, penseli sikioni. Seremala. Tena mtanashati, jambo lililomtia shaka zaidi.

"Nimekiona kwanza," alisema.

"Umekiona kwanza, nimekishika kwanza. Cha nini?"

"Dirisha la sebuleni kwetu. Marehemu baba alijenga na vioo hivi."

"Na bado vipo?" Macho ya seremala yaling'aa. "Basi chukua. Lakini nije nikitie mwenyewe."

Ndivyo yalivyoanza. Seremala aliitwa Msasa, kwa sababu ya sauti yake ya kukwaruza. Mwanamke alifanya kazi katika maabara ya hospitali, na wenzake walimwita Hadubini, kwa kuwa hakuamini kitu mpaka akitazame mara mbili. Alikuwa mtu wa sala, kila asubuhi alipiga magoti, lakini hata majibu ya Mungu aliyapokea kwa tahadhari.

Nyumba ilikuwa ya mtindo wa zamani, na Mama yake aliishi humo tangu alipoolewa: baraza la mviringo, sakafu ya terazo nyekundu, ukuta wa matofali ya matundu, swichi nyeusi za duara zilizolia *tak* kama ulimi wa mtu aliyeudhika. Paa lilivuja na mbao zilikuwa zimeoza. Kaka yake, aliyeishi mji mwingine, alitaka wauze na Mama ahamie kwake. Mama hakutaka hata kulisikia hilo. Wakaafikiana: nyumba ikarabatiwe, na Mama abaki humo maadamu anajiweza.

Msasa akaanza kazi, na maneno matamu yakaanza naye.

"Hadubini wangu, umekula?"

"Nani wako? Paa umemaliza?"

"Nimemaliza. Sasa napiga msasa moyo wako, una kutu kweli."

"Moyo si chuma, wewe."

"Wako ni chuma, mpenzi. Nimeugonga, ukalia."

Alicheka kwenye simu hadi wenzake wa maabara wakageuka. Jioni alirudi amevaa gauni la njano ambalo zamani alilihifadhi kwa ajili ya harusi za watu, wakaketi barazani wakitazama mbao mpya zilivyofuata mkunjo wa zile za zamani.

Lakini kulikuwa na jambo. Alitaka swichi za ukumbini zihamishwe karibu na milango, na ile ngazi moja ya kushukia jikoni isawazishwe. Msasa alikubali yote ila hayo mawili.

"Hapo tupaache, mpenzi. Ndiyo sura ya nyumba."

"Ngazi iliyopasuka ndiyo sura?"

"Nitaiziba ufa. Isiondoke."

Kisha kukawa na minong'ono. Akiingia, Mama na Msasa walinyamaza. Akitoka, walicheka. Akampigia kaka yake.

"Fundi anayempenda mama kuliko malipo yake?" kaka alisema. "Fungua macho. Huyo anaitaka nyumba."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Haya. Siku Mama akitia sahihi, utanikumbuka."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba. Siku moja alitoka kazini mapema, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama jikoni akisikiliza.

"Mwanangu, usimwambie binti yangu," Mama alikuwa akisema. "Akijua tu, nyumba hii nimeipoteza."

"Nimekuapia, Mama. Sisemi."

Hadubini alijitokeza. "Husemi nini?"

Msasa alimtazama Mama. Mama aliinamisha kichwa.

"Siwezi kukwambia, mpenzi," Msasa alisema.

"Basi kusanya vifaa vyako. Na hilo neno mpenzi, lichukue pia."

Msasa alipiga simu mara nyingi baada ya hapo. Hadubini alipokea moja tu.

"Uliza lolote kuhusu mimi nitakujibu," Msasa alisema. "Lile si langu."

"Jizi halikosi maneno," alijibu, akakata. Kisha akapiga magoti kuomba, na kwa mara ya kwanza hakujua aombe nini.

Akaleta mafundi wengine, wepesi, wasio na mizaha. Swichi zikahama. Ngazi ikajazwa zege, sakafu ikanyooka. Mama hakupinga, alikaa tu kwenye kiti chake, mikono mapajani.

Asubuhi zege lilipokuwa limekauka, Hadubini alikuwa mezani akinywa chai. Mama alipita na kikombe chake. Mahali palipokuwa na ngazi alishusha mguu, kama alivyoushusha maisha yake yote, na sakafu ikamgonga kabla ya wakati. Kikombe kiliruka. Mama alishika ukuta, kiganja chake kikaanza kupapasa plasta mbichi, juu, chini, kikitafuta swichi iliyokuwa haipo tena.

Hadubini aliutazama mkono ule. Mara moja. Mara ya pili.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona pembeni," Mama alisema taratibu. "Katikati hupo. Uso wako sijauona siku nyingi, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia kaka yako, naye angekuja na gari. Hapa najua kila ukuta kwa mkono. Yule kijana alipotaka kung'oa swichi ya kwanza nililia, ikabidi nimweleze. Nikamwapisha."

Yeye aliyetazama damu za watu kutwa nzima hakuwa ameyatazama macho ya mama yake. Aliketi sakafuni, akamkumbatia miguu, akalia akimwomba Mungu msamaha kwa sauti. Kisha akachukua simu.

"Unamtafuta fundi au mimi?" sauti ya kukwaruza iliuliza.

"Wote wawili. Nilikuita jizi. Nisamehe."

Alikuja na shati lake la bluu, hakutabasamu. Alilipiga zege kwa kisigino.

"Litavunjika. Ngazi itarudi, swichi pia." "Na mimi nilikosea. Ningembembeleza Mama akuambie mwenyewe."

"Una siri nyingine?"

"Moja. Baraza nilipiga msasa mara tatu. Mara moja ilitosha. Kazi ikiisha, ningekuja kwa sababu gani?"

"Tafuta sababu."

"Nikuoe?"

Hadubini alimtazama machoni kwa muda mrefu, akitafuta ufa.

"Jibu basi!" Mama aliita kutoka sebuleni. "Yaliyoharibika ni macho, masikio ninayo!"

"Leo nakuamini," Hadubini alisema. "Kesho nitakukagua tena."

"Kagua kila siku, mke wangu."

Hadubini alimshika mkono, akaenda naye hadi kwenye kiti cha Mama, akampigia kaka yake, akaweka sauti ya simu juu ili wote wasikie.

"Kaka, keti. Mama haoni vizuri. Tunakwenda kwa daktari wa macho, lakini kuhama, hahami. Nitakaa naye mimi, na nyumba inabaki kama anavyoijua."

Mama alimshika mkono akaubana.

"Upo, kaka? Usikate. Kuna la pili."