Picha za Mlangoni

Jua lilikuwa linazama Bisibisi alipofunga kibanda chake cha kutengeneza kompyuta. Kabla ya kwenda kwake akapitia kwa mama mshonaji, kumaliza kazi aliyomwahidi. Kazi yenyewe ndogo: kufunga kisoma kadi za kamera kwenye kompyuta ya mezani ya marehemu mwanawe.

Kijana yule alikuwa mpiga picha. Siku ya mwisho alikuwa kwenye kivuko akiwapiga maharusi picha, kivuko kikapinduka mtoni. Yeye, maharusi na wasindikizaji wao hawakuonekana tena. Kilichopatikana ni kamera, imenasa kwenye matete. Mama aliichomoa kadi, akaikausha, akaitunza kwenye kopo la vifungo.

"Nataka kuona alichokiona mwisho," alimwambia fundi.

Bisibisi akafungua kasha la kompyuta, akapuliza vumbi, akakipachika kifaa kwenye nafasi ya mbele na kukaza skrubu. Waya wake akauchomeka kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Taa ndogo nyekundu ikawaka, lakini kompyuta ikagoma katakata kukitambua. Akazima, akawasha. Wapi! Akamulika ndani kwa simu, akaona waya umekaa kombo, umeruka pini. Akaurudisha mahali pake.

Safari hii kompyuta ikatii. Ila alipoingiza kadi tu, chumba kikajaa harufu ya tope.

Picha za kwanza zilikuwa za bibi harusi akicheka, na bwana harusi akirekebisha tai. Kisha maji. Kisha giza la kijani, na mwanga hafifu, mbali, juu...

Mama akajiziba mdomo kwa kiganja. Bisibisi alitaka kufunga, mama akamshika mkono aendelee.

Picha iliyofuata ilikuwa ya barabara ya mtaani kwao. Kisha dirisha, na nyuma ya pazia, mama ameinamia cherehani. Kisha mlango. Mlango tena. Na tena. Mlango uleule, umefungwa.

"Mama..." Bisibisi alinyoosha kidole kwenye skrini. "Hii rangi ya mlango si umeipaka juzi tu?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba asubuhi ya siku ile ya kivuko waligombana. Kwa hasira alimwambia mwanawe asikanyage tena kwake, naye ni mtoto ambaye hakuwahi kuvunja neno la mama yake. Tangu msiba, kila jioni anasikia maji yakidondoka barazani. Wala hakuna anayebisha hodi.

Mara barazani kukasikika maji.

Tone... tone... tone...

Mama akainuka. Bisibisi alitamani kumzuia, lakini mama alishafika mlangoni. Mlango ukafunguliwa. Nje hapakuwa na mtu. Baraza tu, limelowa chapachapa.

"Ingia, baba," mama akanong'ona. "Yale yalikuwa maneno ya hasira. Ingia, ni kwenu."

Taa ya kisoma kadi ikapepesa.

Picha mpya.

Mama yu mlangoni, na mwanawe, maji yakimchuruzika, amemlalia begani kama mtoto aliyechoka na safari. Mama aliposogea kwenye skrini akaiona, akalia. Hakutoa sauti. Mabega tu yalitikisika, na Bisibisi naye machozi yakamlengalenga.

Kisha akaitazama picha vizuri. Mikono yote miwili ya kijana ilikuwa imemkumbatia mama.

"Mama, hii kaipiga nani?"

Barazani matone yakaongezeka. Sasa hayakutoka mahali pamoja. Na kati ya matone hayo ukasikika mchakacho wa gauni refu, lililolowa, likiburuzwa sakafuni.

Bisibisi akaurukia mlango aufunge. Mama akamzuia kwa mkono mmoja.

"Waache," akasema. "Nao wana mama zao."

Akausukuma mlango mpaka mwisho.

Bisibisi alitorokea mlango wa jikoni, vifaa vyake vyote akaviacha mezani, na hajavifuata hadi leo. Kila akiulizwa, husema kazi iliisha na kifaa kinasoma vizuri. Ila majirani wanaopita pale jioni wanasema sakafu ya mama haikauki siku hizi, na kwamba anashona gauni jeupe la harusi. Akishona kidogo huinuka, akalipima hewani, taratibu, sindano mdomoni, kama kuna mtu amesimama mbele yake anasubiri.