Meza ya Chuma na Dagaa wa Chumvi

Wenzangu wa Luanshya, leo nawasimulia habari za nyumba ya Katongo Bwembya, na sitaomba radhi kwa ukali. Dagaa wake mliwala, basi na habari zake mzimeze.

Enzi za marehemu baba yake, jioni za karakana ya nyumba ile zilikuwa tulivu. Mzee Bwembya alikuwa fundi wa mitambo ya kusaga mahindi. Kazi ikiisha alifagia vumbi la chuma, akaifuta meza ya kazi kwa kitambaa kikavu, akaipaka mafuta mepesi, ndipo akanawa mikono kwenda kula ubwali, ugali wetu wa mahindi. Meza ile ya chuma ilinyooka kama maji yaliyotulia. Kila mtambo uliungwa juu yake, nayo ndiyo iliyoilisha nyumba.

Mzee alipozikwa, Katongo alirithi meza. Akili hakuirithi. Aliona kwamba chuma hushika joto la jua upesi kuliko mkeka, akaiburuta meza uani na kuanika dagaa wa chumvi juu yake. Mvua zilipoanza akawafunika kwa nailoni, dagaa na meza pamoja. Huo ndio aliouita ujanja!

"Baba Chisha, meza inaota wekundu," mkewe alimwambia.

"Chuma hakiugui. Wewe geuza dagaa."

Nilikwenda mwenyewe. "Katongo, chumvi inakula chuma. Ioshe, ikaushe, isugue kwa msasa, ipake mafuta. Irudishe ndani, uifunike kwa kitambaa kikavu. Hiyo nailoni inatoa jasho kwa chini."

Alicheka mpaka mate yakamtoka. "Mzee Kapambwe, hayo ndiyo mliyofundishwa shule ya usiku ya watu wazima? Mimi nimezaliwa karakanani!"

"Hata panya huzaliwa karakanani," nikamjibu, nikaondoka.

Wateja walipoikuta meza imejaa dagaa, wakaanza kuhamia kwa mafundi wengine. Likabaki agizo moja tu: kina mama wa mashambani walitaka mtambo kabla ya mavuno, kwa heshima ya jina la mzee. Mkewe, Mama Chisha, alijua kwamba agizo hilo likiharibika, karakana imekufa.

Katongo akaondoa dagaa, akaweka fremu ya mtambo mezani. Ikayumba. Magamba ya kutu yalikuwa yamevimba huku, chumvi imechimba mashimo kule. Fundi wa kweli angesimama hapo. Yeye alikunja katoni la sabuni, akalisukuma chini ya mguu mmoja wa fremu.

"Imetulia," akasema.

"Imetulia kwa katoni, Baba Chisha?"

"Wale wanataka unga, hawataki katoni. Watajuaje?"

Akachomelea. Katoni likabonyea, ekseli inayozungusha mtambo ikakaa upande.

Wakajua. Mtambo ulisaga madebe mawili, ukatetemeka, beringi zikaungua, mkanda ukaruka. Kina mama wakaupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaurudisha mchana kweupe, wakiimba njia nzima:

"Katongo katuuzia ngoma! Tumeleta mahindi, tumecheza!"

Uani, kiongozi wao, Mama Chanda, aliigonga meza kwa fimbo. Magamba mekundu yakamwagikia miguu ya Katongo.

"Mwanangu, baba yako alianika dagaa hapa?"

"Hapana, mama."

"Ahaa. Yeye tulimjua kwa mitambo. Wewe tutakujua kwa harufu."

Hakuja mteja mwingine. Miezi miwili baadaye wanunuzi wa vyuma chakavu waliibeba meza ile. Mama Chisha aligeuza uso ukutani. Mmoja wa wabebaji akainusa, akamuuliza Katongo, "Bwana, hii ilikuwa ya soko la samaki?"



FUNZO

Urithi hautunzwi kwa kujigamba ulizaliwa wapi. Hutunzwa kwa kitambaa kikavu na mafuta kidogo, kila jioni, hata ukiwa umechoka. Kutu haina haraka. Hungoja mvivu anayejiona mjanja. Nawe unayemcheka Katongo, kwanza nenda ukapitishe kiganja juu ya meza yako.