Paka wa Vifungo

Hakuna mtu aliyewahi kununua paka Lamu. Paka wa mji ule hawana bei. Wamejaa vichochoroni na chini ya meza za samaki, na anayemtaka mmoja humwita tu, akija amekuja. Kwa hivyo asubuhi ile ya mwaka wa hamsini na sita, Mwalimu Jeilani aliposimama katikati ya soko la samaki, kanzu nyeupe imenyooka kwa pasi, viatu vya kamba vinang'aa, akauliza kwa sauti ya darasani nani ana paka wa kuuza, soko zima lilikufa kwa kicheko.

"Chukua kumi, Mwalimu, na shukrani juu!" muuza papa mmoja alimpigia kelele.

Alawiya alikuwa pale akichagua changu wa kukaanga. Alikuwa mshonaji wa kofia kutoka mtaa wa Langoni, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, ameachika. Mumewe alimwambia anakwenda Mombasa kutazama bidhaa, na kweli alikwenda. Alichonyamazia ni kwamba bidhaa yenyewe ilikuwa bibi harusi. Tangu hapo Alawiya alikuwa akiishi kwa shangazi yake, Bi Mwanatumu, na wanaume aliwatazama kofia tu. Ya mwalimu huyu ilikuwa imeshonwa ovyo upande mmoja. Uso uliokuwa chini yake, lakini, haukuwa na kasoro.

"Wamtaka wa nini?" alimuuliza, buibui ameishika kwa meno kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa samaki.

"Wa skuli."

"Aa! Panya wamewaingilia vitabuni."

Jeilani alitazama viatu vyake. "Skuli haikosi panya," alisema.

"Basi mimi ninaye, jina lake Kidoti. Hodari huyo, hana mchezo. Njoo nyumbani kwa Bi Mwanatumu umchukue."

"Kwa bei gani?"

"Bei yake ni kofia hiyo. Nipe niirekebishe, yanitia haya."

"Na nitarudishiwa lini?"

"Siku utakayokuja kunipa habari za paka wangu."

Alikuja siku hiyo hiyo akamchukua Kidoti kwenye kikapu, na baada ya hapo akawa hakosi. Hukaa kwenye daka, lile baraza la mlangoni. Bi Mwanatumu hukaa kizingitini na tasbihi yake, na Alawiya hukaa ndani nyuma ya pazia na sindano. Pazia lilikuwa zito, mtu haonekani hata kivuli. Hilo halikumzuia Alawiya kupaka wanja kila alasiri ikikaribia.

"Kidoti hajambo?"

"Hajambo. Leo amekula nguru."

"Nguru! Wewe mwenyewe wala nini, Mwalimu wangu?"

"Mimi nangojea kofia yangu."

"Haijesha. Kazi nzuri haitaki haraka."

Kofia ilikuwa imekwisha zamani. Alikuwa akiifumua na kuishona tena, na moyo wake ulikuwa umechangamka kuliko alivyotaka. Hakugundua kwamba mwalimu hakuwahi kutaja panya hata mmoja aliyekamatwa.

Jumatano moja Fadhil, mwana wa jirani aliyekuwa akisoma kwa Jeilani, alikuja kuazima wembe.

"Wa nini?"

"Twambiwa kila mtu aje na wake. Kesho twampasua paka tumtazame ndani."

Alawiya alivaa buibui. Bi Mwanatumu alimwuliza yuwaenda wapi, kisha ikambidi amfuate mbio huku akimwita ngoja, ngoja. Mwanamke kuingia skuli ya wavulana mchana kweupe lilikuwa jambo la kusemwa mji mzima, na Alawiya alilijua hilo, na aliingia.

Kidoti alikuwa kwenye sanduku la mafuta ya taa nyuma ya darasa, amenenepa mpaka shingo haionekani.

"Ulikuwa wamnonesha!"

"Bi Alawiya, tafadhali, nisikize."

"Uliniambia panya!"

"Panya ulitaja wewe. Mimi nilinyamaza tu."

Angalau angekana. Kunyamaza kwa namna ile Alawiya alikuwa amekuonja kwa mumewe, na alikuwa ameapa hataonja tena.

"Ni amri," Jeilani alisema, sauti imeshuka. "Mkaguzi yuwaja kutoka Mombasa. Wanafunzi lazima wapasue kwa mikono yao. Dawa ya kumlaza imeshaletwa. Kila siku nilisema kesho, kila siku nikamnunulia samaki. Mkono wangu haukubali, wallahi."

"Basi usimpasue."

"Na watoto watajuaje mapafu yako wapi na kazi yake nini?"

Alawiya aliinama sandukuni. Alimbeba paka, mzito kama gunia la mchele, akaondoka. Nyumbani alilia, na akajua vizuri kwamba halii kwa ajili ya paka.

Kupasua kukaahirishwa, maana paka hayupo. Siku chache baadaye Jeilani alikuja dakani kichwa wazi, karatasi zimeviringishwa kwapani. Bi Mwanatumu alitaka kumfukuza, lakini mwalimu aliwahi kusema alilolijia.

"Nataka kushonewa paka."

"Mtu huyu ana maradhi ya paka," Bi Mwanatumu alisema.

Kutoka nyuma ya pazia sauti ikauliza, baridi, "Wamtaka wa nini?"

Safari hii alijibu kwa kirefu. Alitaka paka wa kitambaa anayefunguka tumboni kwa vifungo, kila kiungo ndani yake kitoke na kirudi mahali pake, wanafunzi wakishike, wakitaje jina, wasimuue mnyama yeyote. Michoro alikuwa nayo. Mwalimu mkuu amemshauri amwambie mkaguzi kwamba paka wa kweli walishampasua, na huyu ni wa kufanyia marudio.

"Na wewe utamwambia hivyo?"

Jeilani alitazama tena viatu vyake.

"Mimi namshona," Alawiya alisema. "Lakini ukilisema neno hilo, usipite tena kichochoro hiki. Mwambie kweli, yote, tangu mwanzo."

Wakafanya kazi. Mapafu yalitoka kwenye bitana ya waridi, ini kwenye kipande cha leso nyekundu iliyoiva, matumbo kwenye utepe mrefu uliojazwa sufi. Bi Mwanatumu akawa tarishi wa kupeleka viungo na kurudisha maneno.

"Yuwasema maini yako ni makubwa mno, uyapunguze," alimletea Alawiya siku moja. "Na mimi sipeleki tena maneno kama hayo, mtu mzima mimi!"

Alawiya alicheka mpaka sindano ikamchoma. Kule nje mwalimu naye alisikika akicheka, na hasira iliyokuwa imebaki ikaishia hapo.

Mkaguzi alikuja na kofia yake ngumu na suruali fupi. Fadhil ndiye aliyesimulia baadaye, amesimama ukumbini kwa Bi Mwanatumu, mikono yote inazungumza. Mzungu alifungua vifungo, akavuta utumbo ukatoka, ukatoka, mpaka akarudi nyuma hatua auvute vizuri. Wanafunzi walitaja kila kitu na kazi yake, hakuna aliyekosea. Kisha mkaguzi akauliza paka wa kweli walimpasua lini.

"Mwalimu akasema nini?" Alawiya aliuliza, kitambaa kimemwanguka.

"Akasema hatukumpasua. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyekataa amri."

Paka wa vifungo akafaulu. Mkaguzi aliagiza abaki darasani, na mwalimu atakayekuja amtumie. Mwalimu wake ndiye aliyeanguka. Barua ya uhamisho ilimfikia kabla mwezi haujaandama.

Alipokuja dakani hakukaa. "Nimepelekwa Mbwajumali, kisiwani Pate," alisema. "Nikawafundishe wadogo kusoma."

Nyuma ya pazia Alawiya aliifinyanga ile kofia mpaka ikapoteza umbo. Yeye ndiye aliyetaka kweli, na kweli ilikuwa imemchukulia mtu wake na kumtupa Pate.

"Nimekuponza," alisema.

"Nimejiponza mwenyewe, na sijuti. Bi Alawiya, wazee wangu wataka kuja kwa shangazi yako Ijumaa, na posa. Nimetaka nikuulize wewe mwanzo."

Bi Mwanatumu aliacha tasbihi. Sauti ikaja kutoka ndani, safari hii haikuwa baridi.

"Na mimi wanitaka wa nini?"

"Nikae basi, ni maneno marefu," Jeilani alisema, akakaa. "Nyumba niliyopewa ni ya makuti, na yavuja upande wa jikoni. Maji ya kisima yana chumvi. Soko hakuna, kofia zako itabidi uzilete huku Amu kwa mashua. Mshahara umepungua. Mama yangu alinitakia binti wa ammi yangu, na mpaka leo amenuna. Usiku nakoroma, waulize nduzangu. Na nakutaka kwa kuwa tangu siku ulipouliza swali lako pale sokoni, nimechoka kuishi na nusu ya jibu. Nakupenda, Alawiya. Nilipenda sauti nyuma ya pazia, na uso nimeuona mara mbili tu, na moja ulikuwa umekasirika."

"Hayo ndiyo yote? Hakuna ulilobakisha?"

Mwalimu alifikiri. "Lipo moja. Mbwajumali pana panya. Wengi. Wa kweli."

Bi Mwanatumu akaanza kuguna, lakini pazia lilikuwa limeshafunguliwa. Alawiya alisimama mlangoni, leso ya manjano kichwani, wanja umemwagika kidogo kwa machozi. Mkono mmoja alimnyoshea kofia yake, na mwingine kikapu, ambamo Kidoti alikuwa akilalamika.

"Basi mtangulize huyu," alisema. "Mimi naja na nguo zangu."