Tangazo Lililokuwa Picha Tu

Lisiate alikuwa jikoni kwake Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyao, akimenya muhogo. Shangazi yake Losaline akaingia na begi la safari, huku akigonga fimbo yake nyeupe kwa hasira.

"Meli ya kisiwa cha Vava'u iliondoka jana," alisema. "Leo nimefika bandarini nimekuta maji matupu."

Lisiate alishtuka. Jumamosi dada yake alikuwa anaolewa huko Vava'u, na kwao harusi haikamiliki bila shangazi. Shangazi ndiye anayekaa mbele, na ndiye anayetandikiwa mikeka. Kabla ya harusi ilibaki meli moja tu, ya Alhamisi.

"Lakini Shangazi, safari ilisogezwa, na tulitangaza kwenye tovuti." Lisiate alifanya kazi katika ofisi ya meli, na tovuti aliitengeneza yeye. "Nilibandika picha ya ubao wa matangazo. Maandishi makubwa kabisa."

"Makubwa kwa nani?"

Lisiate akachukua muhogo mwingine. "Ungenipigia, ningekusomea."

"Nikuombe wewe kila nikitaka kusafiri? Nani shangazi hapa?"

Shangazi alikaa, akatoa simu. Kioo kilikuwa cheusi.

"Imezimika, Shangazi."

"Haijazimika. Mimi mwanga wa nini?"

Alipitisha kidole, simu ikaanza kusema. Ilisema mbio mbio, maneno yakimwagika kama maharage kutoka guniani. Lisiate hakuambulia hata neno moja. Shangazi alikuwa anacheka.

"Raga," alisema. "Vijana wetu wamefungwa tena."

"Unayasikia hayo yote?"

"Yote. Ikisoma polepole nasinzia."

Lisiate aliduwaa, kisu mkononi. Miaka yote alimshika mkono kuvuka barabara, na hakujua kwamba shangazi yake anasoma kwa kasi kuliko yeye. Alimstaajabia mno.

Kisha Shangazi akafungua tovuti ya meli.

"Picha," ilisema simu. "Kitufe. Kitufe."

"Kimoja cha kukata tiketi, kimoja cha kufuta," alisema Shangazi. "Kipi ni kipi? Simu yangu inasoma maandishi. Ukiweka picha, ieleze kwa maneno. Kila kitufe kipe jina. Na ile video ya nahodha, iandikieni maneno chini. Siale wa posta hasikii, anaona midomo tu."

Muhogo ulisubiri. Lisiate alifungua kompyuta, akaandika ratiba yote kwa maneno, akavipa vitufe majina. Shangazi akajaribu.

"Kitufe, kata tiketi," ilisema simu. Kabla Lisiate hajavuta kiti, tiketi ya Alhamisi ilikuwa imekatwa.

Jumatano Lisiate alikuwa likizo, akifunga mikeka ya harusi. Simu ikalia.

"Uko wapi?" aliuliza Shangazi. "Upepo unakuja. Meli ya kesho inaondoka leo jioni. Mimi nimeshafika bandarini."

"Nani kakwambia? Mimi sina habari."

"Nimesoma kwenye tovuti. Wenzako wa ofisini wameandika kwa maneno."

Lisiate alibeba mikeka, akakimbia. Alimkuta Shangazi mlangoni mwa meli, akimwambia nahodha asubiri kidogo, kuna mtoto wa kaka yake amechelewa.