Tupa na Chuma Namba Tano

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado chini ya mawe makubwa ya Bweri, Petronila alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji ndoo mbili na ameshawafungulia kuku. Kazi ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alitandika gunia mlangoni, akavipanga juu yake vyuma saba vya gofu vya babu yake, vile vya kupigia mpira, kuanzia namba tatu hadi namba tisa, kisha akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia, visipate kutu.

Vyuma vile vilikuwa na umri mkubwa kuliko mama yake. Vishikio vya mwanzo vilikwisha zamani, ndiyo maana Babu Machage alivizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli. Lakini vichwa vilikuwa vizima. Mgongoni kila kimoja kilichimbwa kama kijiko, uzito ukabaki pembeni.

"Nilikuwaga nakata majani kwenye uwanja wa gofu wa mgodini, miaka kumi na tisa," Babu alipenda kusimulia. "Siku ya kustaafu wakanipa hivi. Vipo vingine vya zamani, vyembamba kama kisu, hivyo vinamtesa anayeanza. Hivi vyenye shimo mgongoni vina huruma. Hata ukiukosea mpira kidogo, unaenda."

Petronila alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mwaka mzima alijifunza gofu pamoja na watoto wengine kwenye uwanja mdogo kando ya ziwa. Uwanja wenyewe haukuwa wa kujivunia. Kuzunguka mashimo hapakuwa na majani, ila mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Jumamosi hiyo Kocha Revocatus alikuwa anachagua watoto wanne wa kwenda kushindana Mwanza. Petronila hakuwahi kufika Mwanza, lakini si hilo tu lililomnyima usingizi. Alitaka Babu avione vyuma vyake vikivuka mkoa.

"Kila mtu ashike chuma namba saba," Kocha alitangaza. "Mipira mitatu. Ule mstari wa chokaa uko hatua themanini. Asiyeuvuka hata mara moja, atabaki hapa hapa Musoma."

Ghati wa darasa la saba alianza. Alikuwa na mfuko mpya na vyuma vipya vinavyong'aa hata ukijitazama unajiona. Mpira wake wa kwanza ulikwenda chini chini, kwa kasi, ukauvuka mstari.

Zamu ya Petronila ikafika. Akapiga vizuri, tena vizuri sana. Mpira ulipaa juu, ukanyooka, ukaanguka hatua tano kabla ya mstari. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo.

"Wee Petronila!" Ghati akacheka. "Hivyo ni vyuma au majembe? Si ukalimie mihogo Bugwema?"

Watoto wakaangua kicheko. Kocha Revocatus akakishika kile chuma kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota samaki aliyeoza. "Nilishasema vitu vya kizamani havimfai mtoto anayejifunza. Mwambie babu yako awape wanunuzi wa vyuma chakavu." Kisha akalikata jina lake kwa kalamu nyekundu.

Chakavu! Neno lile lilimchoma Petronila njia nzima hadi nyumbani. Vyuma vinavyopakwa mafuta kila juma, vilivyolindwa kuliko sahani za wageni, eti chakavu! Na amelisema mtu mzima, mbele za watu, bila hata kuvigeuza akavitazama.

"Ilikuwaje?" Babu aliuliza.

"Nimeshindwa," alijibu, akaingia ndani. Lile neno hakulitamka. Aliona aibu kulifikisha masikioni mwa mzee.

Jumatatu shuleni akasikia kwamba waliouvuka mstari walikuwa watatu tu. Nafasi ya nne ingegombewa Jumamosi inayofuata. Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia. Chuma namba tano cha Babu hupeleka mpira mbali zaidi ya namba saba. Je, namba hiyo ikibadilika, nani atajua?

Siku ambayo Babu alikwenda Mugango kumjulia hali dada yake, Petronila alichomoa chini ya kitanda tupa ya Babu ya kunolea visu. Krii, krii, krii. Namba tano ikafutika. Akachukua msumari na nyundo, akagonga namba saba pale pale. Hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. "Wao ndio walioanza," alijiambia.

Jumamosi ikafika. Safari hii Babu aliamka mapema, akaketi kwenye gunia kabla yake. Akawa anafuta na kupapasa kila namba kwa kidole gumba, maana macho yake hayakuwa ya ujana tena. Ghafla kidole kikasimama.

"Petronila. Hapa nina saba mbili. Tano yangu iko wapi?"

Petronila akajifanya anakunja kitambaa.

"Nakuuliza, mjukuu wangu."

"Kocha alisema ni chakavu, Babu!" Maneno yakamtoka pamoja na machozi. "Alisema uwape wanunuzi wa vyuma chakavu! Wote wakacheka! Na mimi nilipiga vizuri, naapa nilipiga vizuri!"

Mzee Machage hakufoka. "Kwa hiyo yeye akanidharau," alisema polepole, "na wewe ukamsaidia. Yeye hakuvigusa kwa tupa."

Petronila akainamisha kichwa.

"Vaa viatu. Ulichokifanya utakisema kule kule uwanjani."

Uwanjani walimkuta Mwalimu Getruda, mwalimu wa hesabu na michezo, ambaye juma lililopita alikuwa msibani. Petronila akasimama mbele ya watu wote, chuma mkononi. "Hii ilikuwa namba tano. Nimeifuta kwa tupa nikaandika saba, ili niuvuke mstari. Naomba msamaha."

"Ala! Tapeli mdogo!" Kocha akang'aka. "Toka uwanjani, na usirudi!"

"Subiri, Kocha," Babu alisema. "Mtoto amekosa, na kosa amelitaja mwenyewe. Adhabu apewe, sikatai. Lakini na wewe nikuulize. Kabla hujaviita vyuma vyangu chakavu, ulivipima kwa kipimo gani?"

"Havihitaji kupimwa, mzee. Saba ni saba."

"Saba ni saba?" Mwalimu Getruda akarudia. Alifungua mkoba wake, akatoa protrakta ya kupimia pembe, ile ile ya darasani. "Ghati, naomba saba yako. Petronila, njoo usome wewe."

Wakaweka vyuma kwenye benchi la saruji, kimoja baada ya kingine, wakapima uso wa kila kimoja ulivyolala kwa nyuma. Watoto wakasongamana.

"Saba ya Ghati, nyuzi ishirini na tisa," Petronila alisoma.

"Saba ya babu yako?"

"Thelathini na tano."

Minong'ono ikaanza. "Sasa hicho ulichokifuta," alisema Mwalimu.

Petronila alitazama mara mbili. "Ishirini na tisa, Mwalimu. Sawasawa na ya Ghati."

Watoto wakainama kuisoma protrakta wenyewe.

"Mnaona?" Mwalimu Getruda alisema. "Siku hizi watengenezaji wanausimamisha uso wa chuma, namba wanaiacha ile ile, kwa hiyo mpira unakwenda mbali. Si vibaya, nao huweka uzito chini ili mpira upae. Lakini mmewashindanisha watoto kwa namba iliyochorwa, si kwa upigaji wao. Saba ya mzee imelala zaidi, inamnyanyulia mpira mtoto asiye na nguvu bado. Kwa anayeanza, ina ubaya gani?"

Kocha Revocatus alijikuna shingo. "Basi... kila mtoto achague chuma anachotaka, na Petronila naye. Mpira utue na ukae kwenye ule mchanga wa shimo la kwanza."

"Tano asiiguse," Babu akadakia. "Ameifuta mwenyewe."

Mwalimu akakubali. Petronila hakunung'unika, akachukua namba sita. Watoto wanne waligombea nafasi ile. Mipira ya watatu wa kwanza ilitua mchangani, ikabingirika ikatoka. Mpira wa kwanza wa Petronila haukufika. Wa pili ukapita. Wa tatu ulipaa juu, ukashuka kama jiwe, pu! Ukaacha kishimo kwenye mchanga mweusi, ukatulia hapo hapo.

"Jembe hilo, mama!" Ghati alipiga makofi. "Siku moja utaniazima."

Kocha akaliandika jina. Kisha akamgeukia Babu. "Nisamehe, Mzee Machage. Nilisema bila kupima."

"Mwambie mtoto. Mimi sikuwepo."

Naye akamwambia mtoto, mbele ya wale wale waliocheka.

Walipokuwa wakirudi, Petronila aliomba, "Babu, naomba nikugongee tena ile tano."

"Hapana. Paache hivyo hivyo." Babu alisimama kupumzisha magoti. "Sikia, mjukuu wangu. Haki ilikuwa yako tangu juma lililopita. Ungekuja kwangu ukasema, tungeidai mchana kweupe. Ukaenda kuitafuta kwa tupa, ikabidi uombe msamaha mbele ya mtu aliyekukosea. Ukionewa, kasirika. Kasirika sana. Lakini sema kweli, kisha watake wapime."

Jumamosi iliyofuata, kabla ya safari ya Mwanza, Petronila alitandika gunia kama kawaida. Alipofika kwenye chuma cha tatu, kidole gumba kilipita juu ya pale palipokwaruzwa. Akapafuta polepole kuliko sehemu nyingine zote, kisha akakirudisha chuma mahali pake, kati ya namba nne na namba sita.