Zamu Isiyopokewa

Sidonie alianza kumshuku mumewe kwa sababu ya nyayo. Kila adhuhuri, akitoka kuteka maji kisimani Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi, alikuta mlangoni alama za miguu miwili mikubwa, visigino vimegusana, zimezama udongoni. Na harufu ya samli, ilhali hawakuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Ni nani anasimamaka hapa?"

"Hakuna mutu," akajibu Anselme, macho chini.

Uongo mtupu. Akambana mpaka akafunguka. Kule Kivu, kabla ya vita vya 1996, Anselme alikuwa mlinzi wa mlango wa mwami, mtawala wao. Mlinzi hakuondoka zamuni mpaka mwenzake aushike mkuki wake na kumwambia, "Pole na kazi, pumzika." Hapo alikwenda zake bila kugeuka nyuma.

"Siku ya masasi nililaza mukuki chini, nikakimbia," alinong'ona. "Kuko kitu kilikuwa kinalinda pamoja na siye. Kilibakia pekee yake. Sasa kimenifuata."

Sidonie hakuwaambia watu wa kanisa lake. Alikwenda mjini Mbarara akamleta Zubairi, mganga wa majini. Zubairi akafukiza ubani, akasoma, akanusa mlango mara mbili. Hakuonekana kuridhika.

"Hii jini hapana taka damu," alisema. "Inataka mtu ya kukamata kazi yake. Bwana asisimame hapa."

Nyayo zikakoma. Wiki mbili Sidonie akalala usingizi mzuri, akaanza hata kumtania mumewe.

Alhamisi, adhuhuri, akamkuta Anselme mlangoni, ametoka shambani, jembe wima mkononi. Akafurahi kwamba amewahi chakula. Akalishika jembe, kama mke yeyote ampokeavyo mumewe mzigo.

"Pole na kazi, papa Divine. Pumzika."

Anselme akaliachia. Akampita, akashika njia ya Base Camp, makao makuu ya kambi, mgongo umenyooka, wala hakugeuka, na Sidonie alipotaka kumfuata akaona visigino vyake vimegusana na havibanduki, akataka kulitupa jembe vidole vikakataa, akataka kupiga yowe taya zikabana, na ile harufu ya samli sasa ilikuwa inatoka kwenye ngozi yake mwenyewe.

Aliogopa, lakini bado hajaogopa sawasawa. Kwenye kona ya njia akatokea Divine, binti yao, anatoka shule. Alipomwona mama yake na jembe akakimbia, mkono ameshaunyoosha kumpokea jembe, kama alivyofundishwa.