Pikapu Nyekundu Ambayo Sikuiona

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule, kazi yangu ilikuwa kuwamwagia ng'ombe nyasi kavu, kisha kulifunga geti kwa mnyororo. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, nami niliilalamikia kwa dakika ishirini. Jumanne hiyo nilichelewa. Nililisukuma geti kwa kiatu, nikaukimbilia mkate wangu jikoni.

Nilipotoka tena, ng'ombe thelathini na wanane walikuwa barabarani, wametulia kama waumini wanaokwenda kanisani. Nyuma yao gari la polisi wa sherifu liliwasukuma polepole. Ndani alikuwa Wendell Pruitt, askari pekee wa zamu katika kaunti yetu, aliyekuwa kazini tangu jana yake jioni. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko taa za gari.

Ng'ombe waliporudi malishoni, baba aliniuliza, "Janelle, geti ulilifunga?"

"Nililifunga, baba. Labda kuna mtu kalifungua. Niliona pikapu nyekundu."

Upande wetu pikapu nyekundu ilikuwa moja tu, ya Odell Stamper, fundi wa nyua. Baba akakunja uso. "Basi Odell asikanyage hapa tena. Kazi ya kutengeneza ua wetu Jumatatu nitampa mwingine."

Wendell akashusha pumzi, akatoa daftari. "Una hakika, binti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Asubuhi ile kichwa changu hakikuwa na kazi nyingine.

Kupitia dirisha la basi nilimwona Wendell akimhoji Odell kando ya pikapu yake. Majirani walipunguza mwendo ili watazame vizuri. Kufikia mapumziko, rafiki yangu Corinne alishajua yote.

"Umesikia? Odell anaiba ng'ombe."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Wewe unaishi wapi, mwezini?"

Chakula cha mchana kilinishinda.

Saa za kutoka, Wendell alikuwa mbele ya shule akituvusha barabara huku akipiga miayo. Nikabaki nyuma ya wenzangu.

"Afande, pikapu sikuiona. Geti nililisahau mimi. Tafadhali uchane ule ukurasa."

Hakufoka. Ningefurahi kama angefoka.

"Ukurasa hauchanwi. Naandika mwingine chini yake, wenye jina lako. Mpigie baba yako, tukutane kwa Odell."

Odell alinisikiliza akiwa ameegemea mlango wake. "Miaka kumi na sita natengeneza nyua za watu hapa," alisema. "Leo jirani kaniona, akaenda kuhesabu mbuzi wake."

Baba alivua kofia. "Nisamehe, Odell. Nilikuhukumu haraka. Jumatatu kazi ni yako."

"Nitakuja. Ila huyu atanishikia nguzo, na atawaambia majirani aliyoniambia mimi."

"Nitawaambia, Bwana Odell," nikasema.

Wendell aliinama hadi macho yetu yakalingana. "Janelle, kaunti ni kubwa, nami ni mmoja. Siwezi kuliona kila geti, kwa hiyo nakwenda pale watu wanaponiambia. Ukisahau, sema umesahau. Nitachoka, nitalala, yataisha. Ukinidanganya, unanituma kwa mtu asiye na kosa, na hilo usingizi hauliponyi."

Redio yake ikaita: mtu fulani ameona mgeni karibu na ghala lake. Wendell hakuuliza kama ni kweli. Alijikokota hadi garini, akaenda.